Cha Kupaka Juu ya Uso wa Ndugu Yangu

Siku tatu nilizunguka Garissa na picha ya ndugu yangu mdogo ndani ya bahasha, sijui niipake nini. Nikikaa, nasimama. Nikiagiza chai, naiacha nusu. Miaka ya tisini ilikuwa inaisha, na mji ndio kwanza umepata printa ya kompyuta.

Ndugu yangu alipigwa risasi juu ya lori la mbuzi tukitoka kwetu Griftu. Mimi nilikuwa juu ya lori hilo hilo. Nililala chini ya mbuzi, nikapona. Watu husema majambazi. Mimi nasema ni dalali wa soko la mifugo, yule mwenye jino la dhahabu, ndiye aliyewaambia tunaondoka saa ngapi na kwa njia gani. Nimemwambia hivyo usoni.

Hooyo, mama yetu, alikuwa tayari na mtoto wa jicho. Aliniomba jambo moja tu: auone uso wa mwanawe kabla macho hayajafunga kabisa. Picha ilikuwa moja, nyeusi na nyeupe, ile ndogo ya kitambulisho. Mwenye studio akaipitisha kwenye kompyuta, akatoa kubwa moja, nzuri hata nyusi unaweza kuzihesabu. Halafu, bila kuniuliza, akaitia ile ndogo kwenye mashine ya kufunika kwa plastiki. Mashine ikaitafuna. Ilitoka imejikunja kama ngozi iliyoangukia motoni.

"Chapa nyingine," nikamwambia.

"Stima ilipotea, mzee. Kompyuta haikuweka kitu."

"Haikuweka, au wewe hukuweka?"

"Warya, wewe, si unayo kubwa? Lete nayo niitilie plastiki, idumu."

"Walahi ukiigusa nitakuvunja mkono."

Nilipoinama kuichukua, tone la jasho langu likaanguka pembeni mwa karatasi. Weusi ukageuka zambarau, ukaanza kutambaa. Nikaujua wino huo. Shule sikusoma, nilisoma duksi, chuo cha Kurani, na huko tulitengeneza wino wetu kwa makaa na gundi ya mgunga. Tunaandika aya ubaoni, tukishahifadhi tunaosha kwa maji, unatoka wote. Sasa hooyo hashiki kitu cha mwanawe bila kukibusu, na macho yake yanatiririka mchana kutwa. Uso huo ungedumu siku ngapi?

Fremu ya kioo isingefaa. Nyumbani kwa hooyo picha ya mtu haitundikwi ukutani, malaika hawaingii. Angeiweka sandukuni kati ya nguo zake, aitoe akitaka. Kinga ilibidi iwe juu ya karatasi yenyewe.

Nikarudi studio, nikachukua picha zilizoharibika kwenye pipa la taka, wino ule ule, karatasi ile ile, nijaribie hizo. Kwanza vanishi ya mbao. Karatasi ikainywa, ikawa njano, na kesho yake ilikuwa bado inanata, vumbi la soko zima limelala juu yake. Kisha nikajiona mjanja. Gundi ya mgunga! Kama ilishika wino wetu wa duksi, itashika na huu. Nikaiyeyusha kwa maji, nikapaka kwa unyoya wa kuku. Bibi harusi wa watu, simjui ni nani, uso wake ukateremka wote mpaka kifuani. Mjinga hapo ni mimi, na ninajitaja kama nilivyowataja wengine. Gundi yenyewe nimeitia maji, na maji ndiyo adui.

Siku ya tatu nikaingia gereji, kwa fundi wa kupuliza rangi, mtu wa bara.

"Gari liko wapi, mzee?"

Nikamwonyesha bahasha.

"Hili mbona halina magurudumu?" Akacheka. Alipoitoa picha akaishika kwa ncha za vidole. "Huyu ni nani wako?"

"Alikuwa ndugu yangu."

Akaenda kuleta kopo. "Hii ni klia. Gari likishapakwa rangi, hii ndiyo ya mwisho juu yake. Haina maji. Lakini ukipuliza karibu inachuruzika. Ni mbali, kidogo, ikauke, urudie."

Alipuliza kwanza karatasi ya taka, mara tatu. Ilipokauka niliitemea mate, nikasugua kwa kidole. Haikutoka kitu.

"Sasa yako. Ya kung'aa au iliyofifia?"

"Ya kung'aa. Ndugu yangu hakufa kwa aibu."

Griftu nilimkuta hooyo amekaa mlangoni asubuhi, jua limemjaa. Aliibusu picha. Akalowesha kidole mdomoni, akaanza kumfuta ndugu yangu nyusi, kama alivyokuwa akimtoa vumbi utotoni. Weusi haukutoka.

"Naona jua tu," akasema. "Umeniletea bati?"

Ilikuwa ile klia, inang'aa kama kioo cha lori. Nikaisogeza kivulini, akasema giza. Nikaitoa nje, akasema jua. Nikaipinda kushoto, nikaipinda kulia.

"Inua. Si hivyo, shusha. Wewe tangu utoto hutulii."

Nikashusha kidogo.

"Hapo!" Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia karatasi. "Masikio ni ya baba yake," akasema. "Usitingishike."

Mkono ulikuwa umeanza kuchoka. Nikaushika kwa mkono wa pili.