Khanga Sita na Kawa Moja

Msimu wa korosho mimi ni mtu wa mizani. Gunia likipandishwa nasubiri mshale utulie, nasoma, natamka, karani anaandika. Wakulima wananijua kwa jambo moja: sisomi mshale unaotikisika, hata foleni ifike barabarani. Msimu ukiisha ghala linafungwa, nami nabaki nyumbani Nachingwea na muda mwingi. Katika muda huo ndimo nilimojifunzia karibu kila ninachokijua nje ya darasa la saba: kutengeneza redio, kufuga nyuki, kusoma ramani. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilipoamua kushona, sikuamua kwa pupa. Nilisoma kwanza.

Mama alikuwa amefariki. Baada ya arobaini, dada zangu na shangazi waligawana nguo zake kama ilivyo desturi. Doti zilizokamilika zilipata wenyewe upesi. Zikabaki khanga sita, kila moja peke yake. Doti ni pande mbili. Mwanamke anajifunga moja na kujitanda nyingine, na khanga isiyo na mwenzake hakuna aliyeitaka. Pande za pili zilikuwa wapi? Shangazi alisema labda zilibebewa watoto zikachakaa. Dada yangu mkubwa alisema panya. Wakazikunja, wakanipa mimi, mtoto wa kiume.

"Utajua la kufanya nazo," dada alisema. "Si unajua kila kitu?"

Nilijua. Mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliyebaki hai, anaishi Chinongwe, upande wa Ruangwa. Siku ya arobaini mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kuja, kwa hiyo hakupata kitu. Niliamua kumshonea shuka zito la viraka kwa khanga za dada yake, la kujifunika miezi ya baridi. Sikumwambia. Nilitaka afungue mfuko na kushangaa, na kwa hilo mpango wangu ulifanikiwa kabisa.

Mchoro niliupata kwenye simu: nyota ya pembe nane. Kila nyota ina vipande vinane vyenye umbo la uru wa karata, vimekutanisha ncha zake katikati. Nane mara digrii arobaini na tano ni mia tatu na sitini, duara kamili. Hesabu haina tatizo. Nilikata kigezo cha katoni, nikakipima mara tatu, nikakiweka juu ya khanga nikifuata kwa makini mistari ya maua iliyochapwa, nikakata kwa mkasi mpya. Nyuma ya kila kipande niliandika kwa penseli namba ya khanga, safu, na nafasi yake katika safu, na yote nikayachora katika daftari la miraba. Saa tisa alasiri nilikuwa na vipande tisini na sita. Vipande vya pindo vilikuwa na herufi nusu nusu za maneno ya khanga, jambo lililonisikitisha kidogo.

Kabla jua halijazama mama mdogo akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia zile khanga za dada, zile moja moja, ziko kwako."

"Ziko kwangu, mama."

"Salama?"

Nilitazama meza. Vilikuwa vimepangwa mafungu kumi na mawili ya vipande vinane vinane.

"Ziko zote," nilisema, na kwa upande wa uzito halikuwa neno la uongo.

"Basi nitunzie. Ukija kwenye hitma uniletee. Usimpe mtu hata moja. Mimi sitaki kitu kingine cha dada, nataka hizo."

Simu ikakatika. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa choroko.

"Umemwambia ziko zote?"

"Ziko zote."

"Mbuzi wa Idi naye huwa yuko wote, baba watoto. Ila yuko kwenye sufuria."

Hitma ya mama ilikuwa isomwe Chinongwe baada ya wiki tatu. Nilikuwa na njia moja tu: shuka liwe zuri kiasi kwamba mama mdogo asiulize khanga zilikwenda wapi. Nikaomba cherehani ya mke wangu. Akanipa, pamoja na onyo kwamba haijawahi kushona kitu chenye digrii.

Nyota ya kwanza niliishona siku mbili. Vipande saba vilikaa vizuri. Cha nane kilikataa. Upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko wa jirani yake, ingawa vyote vilitoka kwenye kigezo kimoja. Nilivuta, nikashona. Nilipoitandaza mezani, katikati ilisimama. Mke wangu alipita, akainua ncha moja, akachungulia chini yake.

"Unatafuta nini?"

"Nilidhani umefunika embe."

Nilifumua. Nikapima vipande upya, nikagundua kwamba baadhi vimerefuka vikiwa mikononi mwangu. Kipande kilichokatwa mchana hakikuwa na urefu ule ule jioni. Katika miaka yangu yote ya mizani sijawahi kuona gunia linaloongezeka likiwa limesimama. Nikaamua kupunguza: kilichozidi, mkasi. Nikashona tena. Katikati ilisimama zaidi, maana kila ninapopunguza ubavu ninaila ile duara, na duara iliyoliwa haina pa kwenda ila juu. Hili nililielewa baada ya kupunguza mara nne. Ilipofika urefu wa kiganja, nikapata hasira, jambo ambalo si kawaida yangu, nikaipiga mishono miwili miwili ya cherehani ili inyooke kwa nguvu. Haikunyooka. Na sasa haikufumuka.

Nyota ya pili, kwa kuogopa ya kwanza, sikupunguza kitu. Ilitoka na ukingo wenye mawimbi kama jani la kabichi. Ya tatu ilifanya yote mawili. Nilitengeneza jedwali la makosa: safu ya tarehe, safu ya dalili, safu ya sababu. Safu ya sababu ilibaki tupu hadi mwisho.

"Nenda kamwambie ukweli," mke wangu alisema.

"Nitamwambia nini? Khanga za dada yake nimezifanya karata?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo. Atacheka."

"Na asipocheka?"

"Utakuwa umekaa chini. Hutaanguka."

Siku ya safari nilifumua nyota ya pili na ya tatu. Nilikuwa na vipande themanini na nane, nyota moja iliyosimama, daftari, na hotuba yenye hoja tatu. Vyote vikaingia kwenye mfuko mmoja. Kutoka Ruangwa mjini hadi Chinongwe niliipitia hotuba mgongoni mwa bodaboda. Hoja ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu.

Hitma ilisomwa vizuri, watu wakala, wakaomba dua, wakaondoka. Mama mdogo akakaa barazani kwenye mkeka, mguu mbaya ameunyoosha, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Haya. Lete."

"Mama, kabla sijakupa, kuna mambo matatu ningependa—"

"Lete, mwanangu. Utasema nikiwa nazishika."

Akauchukua mfuko mwenyewe. Akaingiza mkono, akatoa kipande kimoja. Akaingiza tena, akatoa konzi ya vipande. Akaumimina mfuko wote juu ya mkeka. Nyota ilianguka mwisho, ikasimama wima juu ya rundo lile. Mama mdogo alisema neno la Kimwera ambalo sitalitafsiri, kwa sababu alikuwa ametoka kuomba dua.

Aliinuka kwa shida, akaingia ndani akiburuta mguu, akarudi na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na khanga sita, zimekunjwa, zinanukia udi. Nilizijua rangi zake kabla hajazifungua. Zilikuwa zile zile.

"Tulipokuwa wasichana baba yetu alinunua doti moja," alisema. "Mabinti wawili, doti moja. Tukagawana. Basi tukazoea. Dada akinunua, moja yake, moja yangu. Nikinunua mimi, hivyo hivyo. Hata alipoolewa Nachingwea. Nilitaka nizione zimekaa pamoja, mwanangu. Hizo tu. Kama tulivyozitoa dukani."

Hoja zangu tatu hazikuwa na pa kuingilia. Nilikuwa nimeziharibu nusu za doti sita, na nusu nyingine zilikuwa mbele yangu zikiwa nzima, zimetunzwa kuliko nilivyowahi kutunza kitu chochote.

"Nisamehe, mama," nilisema. Hotuba yote ilibaki hiyo.

Mama mdogo alichukua kipande cheupe chenye ua jekundu, akakiweka juu ya khanga yenye ua kama lile, akakisogeza huku na huku.

"Hiki kilikuwa wapi?"

Nikakigeuza. "Khanga ya nne, safu ya pili, cha tatu kutoka kushoto." Nikafungua daftari, nikahesabu, nikakiweka. Ua likalala juu ya ua. Ukingo ukapotea kabisa, kana kwamba hapakuwekwa kitu.

Mama mdogo akainama kukitazama. "Na hiki?"

"Khanga ya nne, safu ya tano, cha kwanza."

"Na hiki chenye herufi?"

"Ya kwanza. Pindo la chini."

Akaniangalia. "Kumbe akili unayo. Ila ulianza kuitumia baada ya mkasi." Kisha akakivuta kipande kwa vidole viwili, kikanyooka kama mpira. "Mbona kinavutika? Ulikata kufuata nini?"

"Mistari ya maua, mama. Nilifuata kwa makini sana."

Hapo ndipo alipocheka, akacheka hadi akaushika mguu. "Maua! Maua yanapigwa na mashine, na mashine ile imelewa! Hujawahi kuona khanga ua limepanda upande mmoja, limeshuka upande mwingine? Khanga haikatwi, inachanwa. Unaianza kwa meno, halafu inakwenda yenyewe kwenye uzi wake. Mama yako hakukufundisha?"

Hakunifundisha, kwa sababu sikumuuliza. Nilikuwa nasoma kuhusu nyuki. Nilikata mshazari wa uzi, na nguo iliyokatwa hivyo inarefuka ikiguswa tu. Mimi, mtu wa mizani, nilikuwa nimesoma mshale unaotikisika vipande tisini na sita mfululizo. Nilijaza ile safu ya sababu pale pale barazani.

Nilikaa Chinongwe siku tano. Mimi nilisoma namba na kupanga. Yeye alishona kwa sindano ya mkono, kila kipande juu ya mwenzake, kila khanga ya dada juu ya khanga ya mdogo. Hapakuwa na nyota. Baada ya wiki nne za kazi nilikuwa nimefanikiwa kuzirudisha khanga mahali zilipokuwa kabla sijazigusa, isipokuwa sasa zilikuwa nzito. Zile sita tuliziunganisha zikawa shuka moja. Mama mdogo alilitandika kitandani, akalipapasa, akasema dada amelala juu kama kawaida yake.

Zilibaki nafasi nane zisizo na tabaka la pili, maana vipande vyake vimo kwenye ile nyota. Nilijitolea kuikata kwa wembe. Akaninyang'anya.

"Acha. Hii umeishona sawasawa, ila hukujua unashona nini."

Tangu siku hiyo ni kawa lake la kufunikia chakula. Nikienda Chinongwe naletewa ugali umefunikwa kwa nyota ya mama yangu, imesimama kiganja kimoja juu ya sahani, haigusi chakula hata kidogo. Mama mdogo husubiri niinue mwenyewe.

"Pima kwanza," huniambia, "kama ugali unatosha."