Moshi wa Ijumaa

Mwanarusi alianza kuutazama moshi mumewe Khubaib alipobanwa na kifua. Kila asubuhi Khubaib aliuliza, "Moshi huu watoka wapi?" Khubaib alipofariki, swali lilibaki nyumbani. Ndipo Mwanarusi akafungua daftari, akawa anaandika kila moshi aliouona: siku, saa na njia yake.

Kwa hiyo Kitsao, mtafiti wa chuo kikuu, alipotafuta mahali pa kuweka kisanduku cha kupimia hewa, Mwanarusi alimpa roshani yake ya Mji wa Kale. Miaka miwili ikapita. Ijumaa moja asubuhi Kitsao akarudi na bisibisi.

"Nakitoa, Bi Mwanarusi. Kila Ijumaa kinapandwa na wazimu, kinaonyesha moshi tele. Hesabu zangu zinapitisha moshi wa malori ya barabara ya Makupa juu ya mapaa, moja kwa moja hadi baharini. Hiki chabisha."

Kingeondoka, yaliyomo daftarini yangebaki maneno ya mjane tu.

"Kaa unywe kahawa kwanza," Mwanarusi alisema. "Utazame chini."

Chini, jirani yake Nasiha alikuwa ametandaza kanzu za wanawe juu ya chetezo, akizifukiza udi kabla ya sala, kama nusu ya mtaa. Moshi ulitoka dirishani mwembamba kama uzi, ukapanda taratibu hadi usawa wa roshani. Hapo ukasita, kama mtu aliyesahau kitu. Ukavunjika vipande, kila kipande kikajizungusha, kisha vyote vikateremka ukutani vikipapasa mlango mmoja mmoja. Kahawa ya Kitsao ikapoa mkononi.

"Huyo fundi ananusa udi wangu bure?" Nasiha aliuliza kutoka chini.

"Mwache, ndiyo kwanza anasoma," Mwanarusi akamjibu.

Akafungua daftari. *Ijumaa, saa nne. Udi. Wapanda, wageuka, washuka.* Akafunua kurasa. *Jumanne, saa moja. Dizeli. Waja kwa juu, wageuka pale pale, washuka.*

Kitsao alisoma Jumanne nyingi, akilinganisha na tarakimu za simu yake. Kila Jumanne tarakimu zilipanda kidogo saa ile ile, naye alikuwa akizipuuza.

"Kumbe Ijumaa kinapima udi. Hewa inapinduka humu uchochoroni," alisema polepole. "Moshi wa Makupa haupiti. Unashuka humu."

Akatia bisibisi mfukoni, akaomba kunakili daftari lote.

Mwanarusi aligeukia dirisha ambalo kitanda cha Khubaib kilikuwa chini yake. Pazia lilijaa hewa, likatulia.

"Watoka Makupa," akasema, kwa sauti ya mtu anayemjibu aliye chumba hicho hicho.