Ombi la Rebeccah Lililomchafua Mchungaji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Rebeccah Chepkirui yuko katikati ya michai yake huko Boito, kaunti ya Bomet, aproni ya plastiki ikimkinga na umande. Vidole vinachuna majani mawili na chipukizi, vinayatupia kikapuni mgongoni. Mstari wa kando yake hauna mtu.

"Hapo ndio mama mchungaji, bibi ya pasta wetu, alikuwa anasimama," anasema. "Miaka tisa tumesaidiana, leo kwangu, kesho kwake. Mimi ndiye nilimfukuza, na mdomo yangu."

Mama huyu wa miaka 47 huchuna kilo thelathini hivi siku ikiwa njema. Mwezi Machi, yeye na wakulima wenzake wakingoja lori kwenye kituo cha kuuzia majani, walisikia redioni kwamba mchungaji wa eneo hilo anashutumiwa kumnajisi msichana wa kwaya. Jina halikutajwa, wala kanisa.

Rebeccah, kiongozi wa maombi ya akina mama, alikumbuka kuwaona polisi nyumbani kwa mchungaji wake wiki hiyo. Hakuuliza mtu. Alituma ujumbe wa sauti kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, chenye watu mia mbili: tumwombee mchungaji wetu, ameanguka.

"Nikajiambia si kusengenya, ni maombi. Umbea yangu nikaivalisha kitambaa ya kanisa."

Kesho yake gazeti lilimtaja mtu mwingine, wa kanisa jingine. Polisi wale walikuwa wamefuatilia ng'ombe aliyeibwa. Rebeccah aliufuta ujumbe, lakini ulikuwa umeshafika hadi Kiptere, kaunti ya jirani. Mama mchungaji sasa huuzia majani yake kituo cha mbali, ng'ambo ya mlima.

Jambo jingine linamuuma. "Huyo msichana, hakuna mtu aliuliza kama ako sawa. Sisi tulitaka tu kujua ni pasta gani."

Alipokwenda kuomba msamaha, alipita mlango wa jikoni. Mama mchungaji alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliniaibisha mbele ya watu mia mbili, Rebeccah," alimwambia. "Msamaha unaniletea huku nyuma?"

Kwa hiyo Jumapili hii atasimama mbele ya kanisa zima na kukiri. Mchungaji amekubali. Kama mkewe atakuja, Rebeccah hajui, ila anatamani sana.

Mwandishi anapofunga daftari, Rebeccah anamshika mkono.

"Jina yangu andika yote. Yao usiweke. Andika tu hawakufanya kitu."