Amri Moja ya Asukile

Watu wa Ilomba, mtaani kwake, walisema Asukile analipwa mshahara wa kuzungumza na kabati. Hawakukosea sana. Mwaka 1978 alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika ofisi ya mradi wa umwagiliaji mjini Mbeya, na wataalamu wa kigeni walipofungasha wakaondoka, kabati hilo lilibaki naye. Aliandika mwenyewe mtafsiri, yaani programu inayogeuza kanuni za wahandisi kuwa amri za mashine. Alijivunia kazi hiyo, tusimfichie.

Kila saa Mzee Nkuba, mlinzi wa lango la maji kule Ubaruku, alitaja kina cha maji kwa simu ya upepo. Mashine ililinganisha kina na kikomo, ikachapa ENDELEA au FUNGUA. Nkuba, aliyehamia bonde hilo la Usangu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alikuwa amejenga chini ya tuta linalozuia maji, akaishi pale na mkewe na watoto wanne. Mwaka uliotangulia alifungua lango kwa kuamini macho yake, maji yakamwagika bure na mpunga ukanyauka. Asukile ndiye aliyemwandikia barua ya onyo: asifungue tena bila neno la mashine.

Sasa ilikuwa Machi, mvua haikatiki. Asukile aliingia ofisini saa nne asubuhi akamkuta Yotamu, mpokeaji wa simu ya upepo, akimsomea Nkuba karatasi ya mashine.

"Endelea," Yotamu alisema.

"Kina kimefika ngapi?" Asukile aliuliza.

"Mia mbili na kumi na nne."

Kikomo kilikuwa sentimita mia mbili.

"Toka saa kumi na mbili inasema endelea," Yotamu aliongeza. Hakuwa na kosa. Kazi yake ilikuwa kuingiza namba na kusoma neno, kuzipima namba hakukumhusu.

Asukile alijua alipokosea kabla hajavuta kiti. Wiki ile umeme ulikatika ovyo na hesabu zikapotea, kwa hiyo alimwongezea mtafsiri wake amri moja: kina kikishalinganishwa tu, kihifadhiwe. Lakini mashine ile ikimaliza kulinganisha huacha alama kwamba jibu ni hasi, yaani maji yamepita kikomo, au si hasi, na amri inayofuata huitazama alama hiyo ili iamue njia. Kuhifadhi nako huacha alama. Amri yake, iliyokaa katikati, ilifuta alama ya kwanza na kuweka yake: si hasi, kwani kina hakiwi hasi kamwe. Maji yangepita kikomo hata mara mbili, mashine ingesema endelea. Naye aliijaribu siku ambayo maji yalikuwa machache, ENDELEA ikawa jibu sahihi, akaenda nyumbani akipiga mluzi.

Alimpokonya Yotamu kipaza sauti.

"Mzee Nkuba, fungua lango. Sasa hivi."

"Si imesema endelea, ndugu? Barua yako ninayo hapa."

"Mashine imekosea. Nimeikosesha mimi. Fungua, mzee wangu, nakuomba."

Nkuba akaacha simu akaenda langoni. Usukani wa lango lile huzungushwa kwa mkono, na Asukile aliuzungusha kichwani mwake, duru baada ya duru, huku akiliona tuta likimeguka na maji yakiingia mlangoni kwa Nkuba. Hakuwa amewahi kuogopa namna ile maishani mwake. Yotamu alimletea chai, ikapoa mezani. Robo tatu ya saa ikapita.

"Limefunguka," Nkuba alirudi hewani akihema. "Maji yalibakiza kiganja tu kufika juu ya tuta. Yanashuka sasa."

Asukile aliketi sakafuni. "Mama na watoto?"

"Wapo ndani. Asubuhi mama watoto alishafunga mizigo, anataka kwenda kwa ndugu zetu kule juu. Nikaifungua mizigo mwenyewe. Nikamwambia Ndugu Asukile kaisomea kazi hii, hawezi kukosea."