Mwelu Alishasema

Semina iliharibika pale mtoto mmoja alipojibu swali vizuri kuliko walimu wote.

Ilikuwa 1993, shule moja ya msingi pale Ngara, Nairobi. Vidya alikuwa amekuja kufunza walimu jinsi ya kuwafundisha watoto kujilinda na watu wanaowachezea miili.

Kufikia siku ya pili, walimu walikuwa wamemchosha kabisa.

Akitaja sehemu za siri, huko nyuma watu wanacheka. Akiuliza swali, wanaangalia saa.

Mbaya zaidi alikuwa Kaloki, naibu wa mwalimu mkuu. Mikono kifuani tangu asubuhi.

"Madam, hizi vitu ni za huko kwenu kwa matajiri, Spring Valley," akasema. "Hapa mtoto akifunzwa hivi ataharibika."

"Na asipofunzwa?"

"Mama yake yuko."

Wenzake wakaguna kumuunga mkono. Vidya akameza hasira pamoja na chai.

Ni Selpher tu, mwalimu wa darasa la tatu, aliyempa moyo. Alikaa mbele, anaandika kila kitu.

"Achana na hawa wazee," akamnong'oneza. "Mimi niko na wewe. Nitakuletea darasa langu uwaonyeshe hilo somo."

Watoto wakaingia, wakaketi sakafuni.

"Mtu mkubwa akikugusa mahali hutaki, halafu akwambie ni siri, utafanya nini?" Vidya akauliza.

"Tutaambia mwalimu."

Waliitikia wote, isipokuwa msichana mmoja, Mwelu.

Vidya akamchutamia. "Na wewe?"

"Mimi nilishasema."

Vidya alijua hapo si mahali pa kumuuliza zaidi. Akafungua mdomo amkatize, lakini alichelewa.

"Teacher Selpher aliniambia niwache kuharibia watu jina."

Hakuna aliyecheka sasa.

Selpher akaweka kalamu chini. "Nilidhani ni mambo ya watoto," akasema. "Huyo jamaa anayemsema anamfunza hesabu. Ni mtu wa kanisa."

Vidya akasogea katikati yake na Mwelu.

Ndipo Kaloki akasimama. Vidya akajiandaa kwa ugomvi mwingine.

Kumbe mzee aliwaambia walimu wawatoe watoto wengine nje wakacheze. Kisha akakaa sakafuni na suti yake, mbali kidogo na Mwelu.

"Mimi nakuamini," akamwambia. "Hukukosea kitu. Twende kwa mama, sisi watatu: wewe, mimi na madam."

Mama alikuwa akiuza mboga sokoni. Alisikiliza, akamvuta mtoto kifuani, na kibanda akakiacha wazi vile vile.

Kituoni, askari aliuliza mbona wamekuja sasa.

Yule mwanamume wa hesabu alikuwa mpangaji kwenye ploti waliyopanga kina Mwelu. Walipofika na askari, chumba kilikuwa kitupu. Alikuwa amehama wiki moja kabla, na hajapatikana mpaka leo.

Mwelu alipona polepole. Kaloki aliendelea kutopenda yale maneno yatajwe darasani, lakini Mwelu akimtafuta, alitoka hata kwenye mkutano.

Vidya naye akisimulia haya, bado anakasirika. Alikuja na somo la mtoto atasema nini. La mtu mkubwa atasikiaje, hakuwa nalo.

Kwa hivyo wewe mwalimu, wewe mzazi: kabla ya kumfunza mtoto kusema, jiulize kama hajakwambia tayari.