Muuguzi Wangu wa Jicho

Kaka yangu mkubwa ndiye aliyechaguliwa na ukoo kuja kuniuguza jicho katika mji huu wa watu. Daktari amenikataza kuinama, lakini anayeinama kutafuta chaja chini ya kitanda ni mimi, maana bwana mkubwa ana mgongo. Chai nachemsha mimi, yeye anapuliza. Simu ya nyumbani ikilia tu, sauti yake inalainika: “Nipo naye bega kwa bega, mama.” Kazi yake ni moja, kunitia matone, na tulishaambiwa jicho likikosa dawa litaharibika. Ananawa mikono kwa mbwembwe kama anayekwenda kupasua mtu, ananiinamia, halafu anafumba macho. Yake! Eti jicho lililoshonwa linamtisha. Dawa inaangukia nyusi, pua, hata sikio.

Jana dawa ilinitiririka shavuni mama akiwa kwenye simu ya video. “Mbona mdogo wako analia?” Kaka akanipangusa taratibu, uso kaugeuzia kamera. “Furaha tu, mama. Hakutegemea kama ningemtunza hivi.” Na mama, mwenye macho yake mawili mazima, akaamini.