Jina la Bibi Nililompa Poni

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha. Naogopa radi za Bukoba, naogopa simu ya alfajiri, namwogopa mtu anayeniambia "kaa kwanza" kabla ya kusema alichokuja kusema. Lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mwaka jana kwa ajili ya farasi ambaye hakuwahi kuwa na damu wala mavi.

Nina steshenari ndogo mjini. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Kati ya mteja na mteja, kompyuta ile ile ilikuwa zizi langu. Ni mchezo wa mtandaoni wa kufuga farasi, na mimi nilishika farasi wa Wales, nchi ambayo sijui hata mvua yake inanyeshaje. Wamegawanywa makundi manne. Kundi A ni wale wadogo wa milimani, kundi B ni wembamba wa kupanda, kundi C ni wafupi wenye vifua vipana, na kundi D ndio wakubwa wenye nguvu, wanaoitwa kobu, manyoya yamewashuka mpaka kwenye kwato. Kazi ni kuchagua dume na jike, kupandisha, kusubiri, na kuona kilichozaliwa. Mume wangu alikuwa akinipokea nyumbani Kahororo kwa swali moja: "Farasi wamekula? Maana mimi bado."

Katika mchezo huo siku yetu moja ni mwezi mmoja wa farasi. Siku kumi na mbili, mwaka. Na hakuna farasi anayepita miaka thelathini. Sheria hiyo niliisoma siku ya kwanza nikaipuuza, kama tunavyopuuza maandishi madogo nyuma ya tiketi.

Sasa nieleze jambo la jina. Nyumbani kwetu Nshamba, mwanamke akizeeka huchagua mjukuu wa kumwachia jina lake, ili ampe mtoto wake wa kike. Halisemwi chumbani. Husemwa mbele ya watu, na anayepewa hukabidhiwa punje moja ya akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna. Ukishaitafuna, jina umeshalipokea, na ndugu wengine hawaligusi tena. Bibi yangu, mama yake mama, alinipa mimi, nikiwa na mimba ya miezi mitatu. Binamu zangu walinuna kweli kweli. Mwezi uliofuata mimba ikatoka.

Watu waliniambia Mungu ana mipango yake. Niliitikia, nikarudi dukani, nikakaa mbele ya kompyuta siku nzima kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Wiki ile ile jike wangu wa kundi A, wa kijivu, ambaye nilikuwa nimempandisha kwa kobu wa kundi D, alizaa. Mtoto akatoka kundi C, wa kike, hudhurungi, na doa jeupe kwenye paji la uso. Kisanduku kikajitokeza: Mpe jina. Niliandika jina la bibi. Sikuwaza. Nilikuwa nalo mdomoni mwezi mzima, na hapakuwa na mtoto mwingine wa kumpa.

Nilifurahi kwa muda wa dakika tano hivi. Kisha nikaona maandishi chini ya jina: Umri, mwezi sifuri. Nikakumbuka ile sheria ya miaka thelathini. Kwetu jina la mtu aliye hai hapewi mnyama, hata ng'ombe unayempenda. Hakuna anayekueleza kwa nini, na ndiyo maana inatisha.

Nilijiambia ni upuuzi. Mimi ni Mkatoliki, nina rozari kwenye mkoba, na yule farasi ni rangi tu kwenye kioo. Nikamkuza, nikampandisha, akazaa vizuri kuliko wenzake wote zizini. Alipofika miaka kumi na minne akaugua kwato, ugonjwa unaowapata sana poni, yaani farasi wafupi kama yeye, wanaposhiba kupita kiasi. Mchezo uliandika kwamba hawezi kusimama. Kesho yake mama mdogo, anayeishi na bibi, akapiga simu: bibi ameteleza kibanjani kwenye migomba, mguu umevimba, hawezi kusimama.

Kuanzia hapo sikuwa mtu tena. Nilimtibu yule poni kama mgonjwa wa wodini. Alipopona, bibi naye alianza kutembea na fimbo, na badala ya kupata nafuu niliogopa zaidi. Wateja walinipa kurasa kumi nikatoa kopi tisa. Nilipiga hesabu ya siku kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli, kila siku mwezi, nikafuta mume wangu asione. Mchezo uliruhusu kubadili jina la farasi mara moja tu. Mara nyingi nilipeleka mkono pale, nikaurudisha. Nikimvua poni jina, nitakuwa nimemvua nani? Sikujua, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza isipokuwa mwenye jina.

Msimu wa senene ulipofika, poni alikuwa na miaka ishirini na tisa na miezi tisa. Mama mdogo akapiga tena. "Mama kifua kimembana. Hali chakula. Njoo umwone." Nilitazama kalenda. Zilibaki siku tatu.

Nilifunga duka, nikabandika karatasi mlangoni kwamba mashine ni mbovu, nikaenda Nshamba siku ile ile. Nilimkuta bibi amelala chumba cha mbele ambako mwanga unaingia, amepungua, mikono juu ya blanketi. Nilipiga magoti nikamsalimia, na baada ya salamu nikashindwa kuinuka.

"Una nini, mwijukulu wange?" akauliza. Sisi wajukuu wake wote hutuita hivyo, kwa Kihaya, hata akiwa amekasirika.

Nikamwambia yote. Mimba, kisanduku, kwato, mguu, siku tatu. Nilisema nikiangalia mkeka. Nilipomaliza, mama mdogo aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni alikuwa ameacha kumenya.

"Nionyeshe," bibi akasema.

Nikafungua mchezo kwenye simu, nikampa. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Huyu ndiye mimi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona mfupi?"

"Ni wa kundi C, bibi. Ndivyo walivyo."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mama mdogo alimwinua akamnywesha maji. Alipotulia akauliza, "Amezaa wangapi?"

"Saba."

"Amenizidi mmoja." Akanirudishia simu. "Ulilia siku ile mtoto alipotoka?"

"Sikulia sana."

"Nilijua. Ukaenda kulitupa jina langu kwa wanyama." Hakusema kwa ukali, na ingekuwa nafuu angesema kwa ukali. "Nilikupa mbele ya watu. Nirudishie mbele ya mtu."

Akamwagiza mama mdogo alete kopo la akamwani. Punje moja ikatiwa mkononi mwangu. Ikaniponyoka, ikadondoka chini ya kitanda, nikaitafuta kwa kupapasa, maana niliona hata hiyo ni dalili. Nikaipata. Nikamwekea bibi kiganjani, nikasema kwamba namrudishia jina lake, na mama mdogo akasema, kwa heshima ya Kihaya, "Nimesikia, waitu." Bibi akafumba vidole.

Kisha nikatoka na simu. Mtandao pale nyumbani ni wa kubahatisha, ikabidi niende mpaka mwisho wa kibanja unapoanza uwanda wa majani. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka. Nilifuta jina la bibi herufi moja moja, nikaandika: Poni. Ukakubali.

Nilirudi Bukoba kesho yake. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, dukani kulikuwa na mzee anasubiri kopi ya cheti cha kuzaliwa. Kompyuta ikaleta ujumbe kwamba Poni, jike wa kundi C, amekufa kwa uzee. Nikaiacha mashine inafanya kazi yenyewe, nikapiga simu Nshamba. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Yule mzee akaniuliza kama naumwa. Mara ya tatu nikakaa sakafuni nyuma ya meza, simu sikioni.

"Mbona unapiga hivyo, na mimi nanyonyoa senene?" Ilikuwa sauti ya bibi, ndogo lakini ya kwake. "Mikono imejaa mabawa. Mama yako mdogo kaenda mtoni."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mteja, kilio chote cha mwaka mzima. Bibi hakunikatiza. Nilipopunguza akauliza, "Amekwenda?"

"Amekwenda, bibi."

"Apumzike. Saba si mchezo." Nilimsikia akipumua, kifua bado kinakoroma. "Sasa sikiliza. Ile punje sikuitafuna. Nimeirudisha kwenye kopo, nimeifunga kwenye kitambaa peke yake. Ni ya kwako, uje uitafune upya siku utakapokuwa tayari kulipokea jina kwa kilio na kwa kicheko."

"Nitakuja kuichukua, bibi."

"Njoo. Na ukinikuta sipo, mama yako mdogo anajua kitambaa ni kipi."